Nafuu Ilithibitisha Nini?

Mwaka 1853 Alexander Wood, tabibu wa Edinburgh, alichukua bomba dogo la kioo lenye sindano ya tundu, akadunga mofini palepale mgonjwa aliposema panauma. Maumivu yakatulia. Wood akaamini kwamba dawa imefanya kazi kwa sababu imewekwa penye mshipa wa fahamu uliokuwa ukiuma, na makala aliyochapisha mwaka 1855 yalijengwa juu ya imani hiyo. Aliyekuja kuitilia shaka ni Charles Hunter wa London, tena kwa sababu isiyo ya kisomi hata kidogo: mgonjwa wake alifanya majipu mahali alipodungwa mara kwa mara, ikabidi sindano ihamie kwingine. Nafuu ikaja vilevile. Kumbe dawa ilikuwa ikisafiri kwa damu. Wood hakukosea kwamba mgonjwa amepata nafuu. Alikosea kuhusu kile kilichothibitishwa na nafuu hiyo. Naona kosa hilohilo limejirudia katika historia yote ya sindano za viungo na kano.

Septemba 1948, katika Mayo Clinic, Philip Hench alianza kumdunga mwanamke wa miaka 29 aliyelemazwa na baridi yabisi homoni iliyotengwa na mwenzake Edward Kendall, ambayo baadaye iliitwa kotisoni. Baada ya siku chache alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench na Kendall, pamoja na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel, ilhali ilikuwa imeshaonekana kwamba dawa ikikatizwa maumivu hurudi, na ikiendelezwa uso huvimba. Ndipo mwaka 1951 Joseph Hollander wa Philadelphia akaeleza namna ya kudunga haidrokotisoni ndani ya kiungo chenyewe, kiungo kinufaike bila mwili mzima kulipa gharama. Kwa baridi yabisi hoja ilikuwa na mashiko, maana utando wa ndani ya kiungo hakika umevimba na una moto.

Shida ilikuja sindano ilipohamia kwenye kano. Dawa hii huzima uvimbe wa moto. Kiwiko kikidungwa hupoa. Basi, ikasemwa, ugonjwa wa kano ni uvimbe wa moto. Lakini chini ya hadubini, kano linalouma kwa muda mrefu mara nyingi huonyesha nyuzi zilizochakaa na kuvurugika, na mwaka 1976 Giancarlo Puddu na wenzake walipendekeza jina jingine kwa uchakavu huo katika kano la kisigino. Mazoea hayakubadilika upesi. Afrika Mashariki inaelewa kwa nini: katika miaka ya 1920 sindano za buba zilikausha vidonda kwa siku chache, watu wakazikimbilia, na wengi waliacha kurudi mara ngozi ilipopona, kabla dozi haijakamilika.

Atakayepinga atasema mgonjwa hakuja kutafuta nadharia; amekuja kwa sababu hawezi kuinua sufuria. Ni kweli, na kwa jongo au bega lililokakamaa wiki chache za nafuu si kitu cha kudharauliwa. Ila wiki hizo zina bei. Mwaka 2010 watafiti wa Queensland, Australia, walikusanya majaribio 41 yenye washiriki 2,672: kwa maumivu ya kiwiko, waliodungwa walitangulia kupata nafuu, kisha baada ya miezi wakawa nyuma ya wasiodungwa. Wala haitoshi kujibu kwamba hudungwa sana wale ambao hali yao ilikuwa mbaya tangu mwanzo, kwani katika majaribio hayo ni kura iliyoamua nani apewe nini. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha jaribio la wagonjwa 140 wenye magoti yaliyochakaa, nusu wakidungwa dawa ya jamii hiyo kila wiki 12 kwa miaka miwili, nusu maji ya chumvi. Maumivu hayakutofautiana kwa maana yoyote, lakini gegedu la waliopewa dawa lililika zaidi.

Na Hunter bado anadai haki yake. Mwenye kisukari akidungwa goti, sukari yake ya damu inaweza kupanda kwa siku kadhaa.