Kigae cha Nyota: Kwa Nini Sikupanda Dau

Jamaa zangu wa Maskati, Dubai, Mombasa na huku Uingereza,

Mtakumbuka kwamba kabla ya Ramadhani vijana watatu wa ukoo wetu walisambaza picha ya kigae kilichokuwa kikinadiwa London: nyota ya pembe nane, upana wake kama sahani ndogo ya chai, rangi yake ya shaba iliyochanganyika na dhahabu, na ukingoni mwake pamezungushwa maandishi. Katalogi ilisema ni kazi ya Kashan, karne ya 13. Wakatoa shauri kwamba tuchangiane tukinunue, kitundikwe barazani kwa mkubwa wetu kule Maskati, na kwa kuwa mimi nimekaa na vigae vya kale zaidi ya miaka ishirini, na khati naisoma, niende mnadani kwa niaba ya ukoo. Nilikataa. Najua kwamba wengine hawakupendezwa, na mmoja alisema kuwa mzee amekuwa bahili. Nimeona ni haki yao wapate maelezo kamili, nayo hayawezi kuwa mafupi.

Nianze na jina. Waarabu wa Sham na Misri huviita vigae hivi qashani, na Waajemi husema kashi, yote mawili kwa kunasibishwa na mji wa Kashan. Watu wa Maghribi wana neno lao, zulayj, ambalo Wareno na Waspania walilichukua wakalifanya azulejo. Kashan ilikuwa na ukoo mmoja wa wafinyanzi, ukoo wa Abu Tahir, uliorithishana kazi hii baba kwa mwana kwa vizazi vinne. Mmoja wao, Abu'l-Qasim, aliacha ufinyanzi akawa mwandishi, na mwaka 1301 akaandika risala iliyoeleza namna wazee wake walivyofanya kazi. Mimi niliyekula mkate wa ukarani miaka yangu yote nina mapenzi na bwana huyu: lau asingaliketi na kalamu, siri ya mikono ya baba yake ingalikuwa dhana tu.

Siri yenyewe ni hii. Kigae hupakwa rangi nyeupe ya kioo iliyotiwa bati, kikachomwa mara ya kwanza. Kisha huchorwa kwa unga wa madini ya fedha na shaba, kikarejeshwa tanuri. Safari hii tanuri huachwa lijae moshi na kukosa hewa, na moshi huo ndio unaoyavua madini ile hali yake ya kutu na kuacha juu ya kioo utando mwembamba kabisa wa madini matupu. Kikitoka na kusuguliwa, hung'aa. Moshi ukizidi kigae huwa cheusi, ukipungua hakuna kitu. Kwa hiyo kila nyota iliyofaulu ilikuwa na wenzake waliotupwa jaani.

Sasa, nyota hizi zilitengenezwa ziwekwe wapi? Nyingine zilipamba majumba ya wafalme, nazo mara nyingi huwa na sura za watu na wanyama, na ukingoni mashairi ya Kiajemi. Nyingine zilipamba makaburi na maziara, nazo hazina sura ya kiumbe chenye roho, bali maua na majani, na ukingoni mwake ni Kur'ani. Hapa ndipo kusoma khati kunapokuwa na faida zaidi ya kujifaharisha. Picha ile niliikuza katika kompyuta, nikaifuata kalamu ya fundi pembe kwa pembe. Ilikuwa sehemu ya sura fupi, na hapakuwa na ndege wala sungura. Katalogi haikusema neno juu ya hayo. Ilisema tu kuwa kigae kina "maandishi ya mapambo".

Maarufu kuliko maziara yote yaliyovuliwa vigae ni Imamzada Yahya, katika mji wa Varamin, kusini mashariki ya Tehran. Kuta zake zilivikwa nyota na misalaba ya kung'aa yenye tarehe ya mwaka 661 wa Hijra, yaani 1262 hadi 1263. Mihrabu yake ilitiwa saini na Ali bin Muhammad bin Abi Tahir mwaka 663, sawa na 1265. Huyu Ali ndiye baba yake yule mwandishi wa risala. Mama mmoja wa Kifaransa, Jane Dieulafoy, alipofika pale mwaka 1881, vigae vilikuwa vimekwisha kubanduliwa kwa wingi, ila mihrabu ilikuwa bado mahali pake. Leo nyota za Varamin zimetawanyika katika makumbusho ya London, Paris, Saint Petersburg na Marekani. Kifuniko cha kaburi lenyewe, cha mwaka 1305, kipo Hermitage. Na mihrabu? Mihrabu ipo Honolulu, katikati ya bahari ya Pasifiki, katika nyumba ya tajiri wa Kimarekani Doris Duke, aliyeinunua mwaka 1940. Kaburi limebaki Varamin na watu wanalizuru, wakiswali mbele ya ukuta uliobaki na alama ya kitu kilichokuwapo.

Siwalaumu wanunuzi wote kwa pamoja, wala sitaki mdhani kuwa nawatazama kwa jicho la chuki. Nilikwenda mara mbili kuitazama nyumba ya mchoraji Frederic Leighton, huko Kensington, na nakiri kwamba ule ukumbi aliouita wa Kiarabu, uliojengwa kati ya 1877 na 1881, ni mahali pazuri mno. Kuta zimejaa vigae vya Damascus vya buluu na kijani, na juu ya mlango pamewekwa mwanzo wa Surat ar-Rahman. Vigae vingine vilikuwa vimevunjika au vimepungua, na fundi William De Morgan akatengeneza vya kujazia, kwa ustadi ambao mgeni hawezi kuvitambua mpaka aonyeshwe.

Lakini tazameni ni nani alikuwa mmoja wa waliombwa na Leighton amtafutie vigae hivyo. Ni Richard Burton, ambaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Damascus kutoka 1869 hadi 1871. Jina hilo wazee wetu walilijua kabla ya Leighton. Ndiye yule yule aliyeshuka Unguja Disemba 1856, akavuka kwenda bara mwaka uliofuata, akafika Ujiji mwanzoni mwa 1858 kwa njia ambayo Waarabu, Wanyamwezi na watu wa pwani walikuwa wakiipita siku zote. Mtu mmoja, akajaza madaftari kwetu na makasha ya vigae Sham. Nilipokuwa nimesimama chini ya kuba la Leighton nilifikiri hivyo, na mlinzi akaniuliza kama nimepotea njia.

Vijana waliniambia: hayo ni ya zamani, na walioyatenda wamekwisha kufa, sisi tukikinunua kigae tutakiheshimu, ilhali akinunua mwingine huenda akakitundika msalani. Hoja hii ina uzito na sitaidharau. Hata hivyo haikweli kwamba ni mambo ya zamani. Mwaka 2014, karibu na Bukhara, vigae vya maandishi vilibanduliwa katika lango la Chashma-i Ayub, lililojengwa takriban 1208. Kimoja kilitokea kwa muuza sanaa London. Kikatambuliwa, na kwa kupitia British Museum kikarudishwa kwa Uzbekistan mwaka 2017. Aliyekibandua hakufanya hivyo kwa kupenda khati. Alijua kwamba kuna watu wa heshima, wenye baraza nzuri, watakaotoa fedha bila kuuliza sana. Tukiinua mkono mnadani, hata kwa nia safi, tunapandisha bei ya kile kitakachofuata.

Ndiyo maana kigae cha kale, kama mtu wa ukoo, hunipasa kumuuliza nasaba yake. Alikuwa kwa nani, na kabla ya huyo kwa nani? Iran ilitunga sheria ya mambo ya kale mwaka 1930. Mkataba wa UNESCO ni wa 1970, na Uingereza iliuingia mwaka 2002. Kitu chenye karatasi za kabla ya tarehe hizo kina hukumu yake, na kisicho nazo kina hukumu nyingine. Katalogi ya kigae chetu ilisema kimetoka kwa "mkusanyaji wa Ulaya", basi. Niliandika barua kuuliza zaidi, nikajibiwa kwa adabu kwamba hawana la kuongeza. Sisemi kiliibwa, wala sisemi kimetoka Varamin. Nasema kilibanduliwa katika ukuta wa ibada, na hakuna aliyekuwa tayari kuniambia lini.

Na sisi hatuhitaji kwenda Uajemi kuyajua maumivu haya. Mafundi wa pwani yetu hawakuchoma vigae vya kung'aa, lakini walikuwa na desturi yao, nayo haikupungua kwa uzuri: walichukua bakuli na kombe za Kichina zilizokuja na majahazi wakazipachika katika chokaa mbichi ya makaburi, mihrabu na dari. Nguzo ya kaburi la Mambrui, kaskazini ya Malindi, ilipambwa hivyo. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, na Kaole karibu na Bagamoyo zipo nguzo za namna hiyo. Na majumbani Lamu, kombe zilipangwa katika zidaka ili mwenye nyumba na mgeni wake wazione. Nendeni Kunduchi au Kaole leo mtazame nguzo kwa utulivu. Mtaona vishimo vya duara, vimepangika vizuri, kama macho yaliyotolewa. Kila kishimo ni sahani iliyong'olewa kwa patasi, na sahani haing'oki katika chokaa ya miaka mia mbili bila nyingi kuvunjika ili moja ipatikane nzima.

Upande wa mama zetu tuna kaburi la namna hiyo Mrima. Bibi alikuwa akisema lilikuwa na sahani tano, na kwamba yeye utotoni aliikuta moja tu, nayo ina ufa. Sasa nambieni, sahani moja kati ya zile nne ikitokea kesho katika mnada wa Geneva, na bwana mmoja wa huko akainunua kwa nia safi ili aitunze, tutamshukuru?

Watu huniuliza basi mimi nanunua nini. Nanunua vigae vya Kiingereza, na sioni haya. Viwanda vya Minton, pale Stoke-on-Trent, na Maw, pale Jackfield, vilitoa vigae kwa mamilioni baada ya Richard Prosser kupata hati yake ya ubunifu mwaka 1840, ya kukandamiza unga mkavu wa udongo ndani ya chuma. Na kabla yao, mwaka 1756, Sadler na Green wa Liverpool walikula kiapo kwamba wamechapa vigae zaidi ya 1200 kwa saa sita. Hivi vilizunguka meko na kuta za nyumba za makarani na wauza nyama, na nyumba hizo zikibomolewa, vigae huishia katika boksi la mnada wa mtaani, fungu zima kwa pauni thelathini, na juu yake ada ya mnunuzi ambayo mgeni huisahau mpaka aende kulipa. Kaburi la mtu halimo.

Wakati wa maonyesho, kabla ya mnada, mimi sitazami uso. Nakipindua. Mgongoni kigae cha Kiingereza mara nyingi hueleza nasaba yake chenyewe: alama ya almasi yenye nambari IV ya Kirumi kileleni ni muundo ulioandikishwa kati ya 1842 na 1883, na herufi Rd No. zikifuatwa na tarakimu ni kuanzia 1884. Vya Uholanzi hutazamwa pembeni, kwa vitundu vidogo vilivyoachwa na misumari ya ubao wa kukatia. Na kadiri kinavyokuwa kinene, aghlabu ndivyo kinavyokuwa cha zamani. Saruji mpya mgongoni ina maana kimetoka ukutani juzi, na hapo ndipo pa kuuliza ni ukuta gani. Kwa vigae vya Mashariki swali hilo nimelifanya sharti.

Kigae cha nyota kiliuzwa. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, mikono mapajani. Dalali alianza kwa bei iliyo juu ya mchango wetu wote, na wawili waliokuwa katika simu wakashindana mpaka nyundo ilipogonga kwa zaidi ya mara tatu yake. Kwa hiyo, hata ningalikubali, barazani Maskati kisingalifika. Lakini sikukataa kwa ajili ya bei, na nisingependa kisa hiki kisimuliwe hivyo.

Michango iliyokuwa imekwisha kutumwa nimeomba isirudishwe, ila kwa atakayetaka. Binamu yetu aliyeko Bagamoyo amekubali kwenda kaburini na mpiga picha, apime nguzo, achore kila kishimo kilipo na upana wake, na picha zipelekwe kwa wahusika wa mambo ya kale, ili siku sahani itakapotokea mahali popote kuwe na karatasi ya kuilinganisha. Amekwenda mara ya kwanza Jumamosi iliyopita. Anaandika kwamba vishimo ni sita, si vitano kama alivyosimulia bibi. Cha sita kipo upande wa kaskazini, chini kabisa, mzizi ulikuwa umekifunika. Na ile sahani yenye ufa ipo bado.