Majina ya Watoto, Sehemu ya 3: Kupona

Mama kijacho, unajua huku Bariadi majina yetu yanajieleza. Kazaliwa mvua ikinyesha, Kabula. Mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija. Sasa juzi mzazi mmoja wodini kasema bintiye ataitwa Kupona, jina alilolisoma sekondari kwenye fasihi. Mama mkwe akashtuka: "Kwani mtoto anaumwa?"

Nikakaa nao. Mwana Kupona alikuwa mwanamke wa Pate, huko pwani ya kaskazini ya Kenya. Mumewe, mtawala wa Siyu, alifariki 1856. Mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, akamtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa kumuusia namna ya kuishi. Mwanamke, enzi zile! (Yale ya kumtii mume mengine mimi siyawezi, tuyaache.) Hakuishi sana baada ya hapo. Utenzi unasomwa mpaka leo.

Bibi akauliza, "Kumbe aliyeandika ni mama mtu, anamwachia mwanae?"

Ndiyo, bibi.

Akampokea mtoto. Kadi ya kliniki imeandikwa Kupona, ila yeye anamwita Kabula, maana usiku ule mvua ilinyesha.