Habari za Shule ya Serikali ya Tabora

Jina la Tabora si geni masikioni mwa Waislamu wa Gisenyi na Nyamyumba. Kabla ya reli, na kabla ya mipaka iliyowekwa na Wazungu, mji huo ulikuwa njia panda ya misafara. Njia moja ilielekea magharibi mpaka Ujiji, ya pili ilipanda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda, na ya tatu ilirudi pwani mpaka Bagamoyo. Wafanyabiashara Waswahili, na baadaye askari na watumishi wa Wadachi, walizifuata njia hizo mpaka wakafika Rwanda, nao wakaja na dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili. Basi yafaa wajukuu wao wajue habari za shule iliyosimamishwa katika mji huo, kwani ndani yake mna mafunzo kwa kila mzazi.

Katika vita vya 1914 hadi 1918, majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yalipita Rwanda, na tarehe 19 Septemba 1916 yaliingia Tabora. Vita vilipokwisha, nchi iliyokuwa moja chini ya Wadachi iligawanywa. Ruanda-Urundi iliwekwa chini ya Wabelgiji, na Tanganyika chini ya Waingereza. Tangu hapo watu waliokuwa wa njia moja wakawa na serikali mbili, na watoto wao wakasomeshwa kwa taratibu mbili.

Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa katika miaka ya 1920, na mwaka 1925 alifika Gavana Sir Donald Cameron. Gavana huyo alitaka kuitawala nchi kwa mikono ya machifu wenyewe, na mwaka 1926 akatoa sheria ya kuwapa machifu madaraka ya serikali za wenyeji. Lakini chifu asiyejua kusoma barua wala kuandika hesabu ya kodi angewezaje kushika madaraka hayo? Kwa ajili hiyo shule ilikusudiwa kwanza kwa wana wa machifu. Ilipangwa kwa mfano wa shule kubwa za bweni za Uingereza: wanafunzi walilala hapo hapo, wakafuata kengele, wakacheza michezo, na wakubwa wakawasimamia wadogo.

Kwa hiyo ufunguo wa kwanza wa mlango wa Tabora ulikuwa nasaba. Mtoto aliulizwa baba yake ni nani kabla hajaulizwa anajua nini. Walakini serikali ilihitaji makarani, waganga wasaidizi na walimu wengi kuliko idadi ya wana wa machifu, na si kila mwana wa chifu aliyekuwa na kichwa cha kusoma. Hivyo mlango ukafunguliwa pia kwa watoto wa watu wengine, na ufunguo wa pili ukawa mtihani. Wale walioshinda katika shule za chini walichaguliwa kutoka majimbo ya mbali, wakaletwa pamoja. Msukuma alilala chumba kimoja na Mngoni, na Mnyamwezi akala sahani moja na mtu wa pwani.

Jambo moja katika habari hizi lastahili kuangaliwa sana. Mwaka 1937 aliingia Tabora kijana mmoja kutoka Butiama, jina lake Julius Nyerere. Baba yake alikuwa chifu wa Wazanaki, lakini kijana mwenyewe alifika kwa kushinda mtihani katika shule ya Mwisenge, Musoma. Wakati huo hakuwa Mkristo wala hakuwa Mwislamu. Alibatizwa mwaka 1943, alipokuwa amekwisha kuondoka Tabora. Yaani shule ile ilimpokea bila kumdai dini, kwa kuwa ilikuwa shule ya serikali na si ya misheni. Kwa mlango huo huo walipita vijana wa Kiislamu. Abdallah Fundikira, wa ukoo wa machifu wa Unyanyembe, alisoma hapo, akaenda Makerere, na mwaka 1959 akawa miongoni mwa mawaziri wa kwanza Waafrika wa Tanganyika. Rashidi Kawawa, aliyezaliwa Songea mwaka 1926, naye alisoma Tabora, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Huyu hakuwa mwana wa chifu.

Kwa miaka mingi Tabora ilikuwa njia kuu ya vijana wa Tanganyika kwenda Makerere, Uganda, kwa maana chuo kikuu cha Dar es Salaam hakikuanza mpaka Oktoba 1961. Mwenye kuupata mlango wa Tabora alikuwa ameupata mlango wa nchi.

Hata hivyo, mtu aweza kuuliza: ikiwa mlango haukudai dini, na mji wenyewe ulikuwa na Waislamu wengi, mbona Waislamu hawakujaa humo? Jawabu lake liko katika shule za chini. Mtihani wa Tabora ulifanywa na mtoto aliyekwisha kusoma miaka kadhaa, na shule nyingi za kumwandaa mtoto huyo zilikuwa za misheni. Mzazi wa Kiislamu aliogopa, wala hakuogopa bure, kwamba mwanawe akienda huko atarudi na jina jingine na dini nyingine. Alimpeleka chuoni kusoma Qurani, na akafanya vema. Lakini chuoni hapakuwa na hesabu wala Kiingereza cha mtihani. Hivyo mlango ulikuwa wazi, na mtoto hakuifikia hata baraza yake.

Wazee wengine wa Tanganyika na Kenya walilitambua jambo hili mapema. Badala ya kulalamika tu, walijenga shule zenye kufundisha dini pamoja na elimu ya dunia. Mwaka 1945 iliundwa Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, nayo ikasaidia kujenga misikiti na shule katika nchi hizi. Baadaye, mwaka 1969, Serikali ya Tanzania ilizitwaa shule nyingi za misheni zikawa za umma, na mtoto wa dini yoyote akaweza kusoma humo bila hofu.

Upande wa Rwanda mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1929 ilifunguliwa shule kubwa ya Astrida, mji unaoitwa leo Huye, kwa ajili ya Ruanda-Urundi yote. Nayo ilitoa makarani na wasaidizi wa utabibu, wa mifugo na wa kilimo. Lakini serikali ya Wabelgiji iliiweka shule hiyo mikononi mwa mabruda wa Kikatoliki, na katika miaka yake ya mwanzo wana wa machifu ndio waliopewa nafasi zaidi. Huko nasaba na dini zilisimama mlangoni pamoja. Mtoto wa Mswahili hakuwa na la kwanza wala la pili, na shule za chini karibu zote zilikuwa za misheni. Ndiyo sababu wazee wengi wa Kiislamu wa nchi hii waliishi kwa biashara, udereva na ufundi, si kwa kupenda ujinga.

Leo Shule ya Wavulana ya Tabora ingali ipo, na Tanzania huihesabu miongoni mwa shule za vipaji maalumu. Mwanafunzi huingia kwa alama zake. Na Rwanda nayo imeipanua elimu ya umma: mwaka 2009 ilianzisha elimu ya msingi ya miaka tisa, na mwaka 2012 ikaifikisha miaka kumi na miwili. Haulizwi mtoto wa Nyamyumba baba yake ni nani, wala anaswali wapi.

Basi udhuru wa wazee hauwi udhuru wa vijana. Mlango wa nasaba umekwisha, na mlango wa dini umekwisha. Umebaki mlango wa mtihani, nao hufunguliwa darasa la kwanza, si darasa la sita. Samaki mkunje angali mbichi. Mzazi amwamshe mwanawe alfajiri kwa sala, na baada ya sala ampeleke shule kwa wakati. Jioni amwulize alichosoma, hata kama yeye mwenyewe hakubahatika kusoma. Wala binti asiachwe nyumbani wakati kaka yake anakwenda. Na jumuiya imsaidie yatima kwa daftari na sare, asije akakosa mtihani kwa sababu ya umaskini. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee waliotangulia, na awajaalie watoto kuyapata waliyoyakosa wao.