Lol Bilioni Moja na Mlango Mmoja

Wasee, tuanze na hesabu. A ni neno "lol" mara kumi. B ni A kumi. C ni B kumi. Endelea hivyo hadi I. Umeandika mistari michache tu, lakini atakayeambiwa aisome I yote atasoma lol bilioni moja.

Huo ni mtego halisi. XML, lugha ambayo kompyuta hutumia kupeana data, ilipitishwa rasmi Februari 1998, na sheria zake zinaruhusu jina moja kusimama badala ya maneno mengi. Miaka michache baadaye wataalamu wa usalama walishaanza kuonya: kafaili kadogo kuliko picha ya WhatsApp kanafura ndani ya memori hadi herufi bilioni 3, seva inazima. Hakuna nywila iliyoibwa. Programu imetii tu ilichoambiwa. Dawa ni kuiwekea kikomo, lakini Expat, msomaji wa XML aliye ndani ya programu kibao, aliwekewa kinga hiyo 2021!

Hilo linaitwa shambulio la kunyima huduma. Kenya tulilionja kwa njia nyingine Julai 2023, kundi la Anonymous Sudan lilipoifurika eCitizen kwa maombi feki. Safari hii haikuwa faili janja, ilikuwa umati bandia mlangoni. Lakini mwenye shida ya kweli hakupita vilevile. Serikali ikasema data haikuibwa. Sawa, lakini huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa nyuma ya mlango huo huo, hadi wageni wakaambiwa watapewa viza wakishafika.

Hapa Longonot stori ya mlango mmoja si ngeni. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa karibu na mlima, na kwa miaka mingi simu za ng'ambo zilitegemea madishi yake. Ilipofika 2009, nyaya za chini ya bahari zikatua Mombasa, njia zikaongezeka. Leo hata kupanda mlima wenyewe unalipia eCitizen.

Kwa hivyo wakituambia tena "data iko salama", tusipige makofi haraka. Mtu aliyekosa pasipoti siku ya safari hajaibiwa data, ameibiwa safari. Tuulize: kikomo kiko wapi, na mlango wa pili uko wapi?