Zaburi za Maombolezo katika Historia ya Kasese na Bwera: Mwongozo wa Sala na Hifadhi ya Lalamiko

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili nafasi ya zaburi kama mwongozo wa sala wakati wa dhiki katika Wilaya ya Kasese, hususan Bwera iliyo karibu na mpaka wa Kongo, magharibi mwa Uganda. Katika mijadala ya sera, dini huhesabiwa mara nyingi kuwa chombo cha kuwatuliza watu baada ya maafa. Hoja yetu ni tofauti. Zaburi ya maombolezo haimnyamazishi aliyefiwa. Humpa mpangilio wa kulieleza lalamiko lake na kulihifadhi mpaka lipate jibu.

2.0 Mpangilio wa Zaburi ya Maombolezo

Kwa kawaida zaburi hizi humwita Mungu, hueleza taabu, huomba msaada, kisha hukiri tumaini. Zaburi ya 13 ni mfano mfupi ulio bayana. Hata hivyo, zipo zinazokataa kufuata njia hiyo hadi mwisho. Zaburi ya 88 huishia gizani. Katika Zaburi ya 44, watu wanadai kwamba wameteswa ilhali hawakulivunja agano. Zaburi ya 109 imejaa maapizo.

Kitabu cha Sala cha Kianglikana kilizigawa zaburi zote 150 katika asubuhi na jioni za siku 30. Anayeufuata mpango huo hukutana na maombolezo hata siku ya furaha, na msiba unapomfika huwa tayari anayo maneno. Katika Kanisa Katoliki, mageuzi ya Sala ya Vipindi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano yaliziacha nje Zaburi za 58, 83 na 109 kwa sababu ya ukali wake. Mapokeo yote mawili yamo Kasese: Dayosisi ya Kianglikana ya Rwenzori Kusini iliundwa mwaka 1984, na Jimbo Katoliki la Kasese mwaka 1989. Swali la kama hasira ya mwombaji inastahili nafasi ndani ya sala linayahusu yote mawili.

3.0 Lugha ya Kulilia

Kabla ya kuuliza mtu anaomba nini, sharti tuulize anaomba kwa lugha gani. Biblia nzima ilitoka kwa Kiganda mwaka 1896, na kwa Kinyoro-Kitooro mwaka 1912. Wakonzo, waliowekwa chini ya Ufalme wa Toro, walikutana na kanisa na shule kwa lugha ya watawala wao. Kudharauliwa kwa Kikonzo kulikuwa miongoni mwa manung'uniko yaliyozaa harakati za Rwenzururu, zilizoongozwa na Isaya Mukirane mwaka 1962. Mapigano yaliyofuata yalidumu kwa vipindi hadi 1982. Hivyo katika milima hii hata kumlilia Mungu kulikuwa na upande wake wa kisiasa.

4.0 Miaka ya Dhiki

Novemba 2016, vyombo vya dola vilivamia kasri la mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 waliuawa. Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulithibitishwa wilayani kwa mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo. Kushikana mikono na kugusa maiti, ambazo ni desturi za kufarijiana, vikawa hatari. Machi 2020, serikali ilifunga nyumba za ibada kwa sababu ya korona. Mei mwaka huohuo, zikiwa bado zimefungwa, Mto Nyamwamba na mito mingine ilifurika, na Hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Juni 2023, wanafunzi 37 waliuawa katika shambulio la shule huko Mpondwe, jirani na Bwera.

Matukio haya yanaonyesha thamani ya sala iliyo na umbo maalumu. Kusanyiko laweza kupigwa marufuku. Zaburi husomeka nyumbani, hata na mtu mmoja. Vilevile yanaonyesha hatari ya kuchagua zaburi za faraja peke yake. Mzazi aliyezika mtoto wa shule akipewa Zaburi ya 23 tu, ameambiwa apumzike kabla hajasikilizwa. Akipewa pia ya 44 na ya 88, amepewa haki ya kuuliza. Hata zaburi kali zaidi humkabidhi Mungu kisasi. Hazimtumi mwombaji akakitekeleze. Kwa eneo lililojua silaha kwa miongo mingi, tofauti hiyo si ndogo.

5.0 Hitimisho

Washauri wa sera wanaowashirikisha viongozi wa dini katika unasihi na upatanisho Kasese wasiombe utulivu pekee. Ibada za kumbukumbu ziachie nafasi maombolezo kamili, kwa Kikonzo na kwa lugha nyingine za waliofiwa, kikiwemo Kiswahili cha mpakani. Lakini zaburi haiwezi kushika nafasi ya uchunguzi, fidia wala ulinzi wa shule. Inalihifadhi lalamiko, wajibu wa kulijibu unabaki kwa wenye mamlaka.