Tyke hakuomba kazi ya sarakasi

Wasee, mnamjua Tyke? Ndovu wa kike, alitolewa Msumbiji akiwa mdogo, akapelekwa Marekani kuchezeshwa sarakasi. 1993 alitoroka mara mbili. Wenyewe wakamrudisha kazini, ni kama hakuna kitu.

Agosti 20, 1994, huko Honolulu, akamuua mkufunzi wake watoto wakiona, kisha akatoka mbio hadi barabarani. Polisi wakampiga risasi zaidi ya 80.

Mtasema, sasa polisi wangefanyaje? Ni kweli. Mtu alikuwa amekufa na wengine walikuwa hatarini, hata mimi ningetaka azuiwe.

Lakini kuzuia si kuadhibu. Mwaka wa 1916, mjini Erwin, Tennessee, ndovu Mary alinyongwa kwa kreni ya reli siku moja baada ya kuua mtu, umati ukitazama. Hapo nani alikuwa anaokolewa? Hiyo ilikuwa hasira tu.

Kwangu, kesi ya Tyke haikuanza Honolulu, ilianza Msumbiji. Hawaii ilipiga marufuku wanyama pori kwenye sarakasi 2018, miaka 24 baadaye. Ndovu alilipa siku hiyo hiyo.

Ama nakosea?