Dar es Salaam ya Majini na Dar es Salaam ya Kariakoo

Ukitaka picha ya Dar es Salaam itakayopendwa haraka mtandaoni, panda kivuko cha Kigamboni asubuhi na usimame ubavu unaotazama mjini. Utapata minara pacha ya PSPF, jengo refu la Mamlaka ya Bandari, na chini yake, kama vitu vya kuchezea, makanisa mawili ya enzi ya Wajerumani: Azania Front lenye paa jekundu na Mtakatifu Yosefu lenye mnara uliochongoka.

Nimeipiga picha hiyo mara nyingi, nami naipenda. Lakini ni picha iliyopangwa kabla sijazaliwa. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakubwa wao walifika kwa meli, na makanisa yale yakajengwa ufukweni ili yaonekane kutoka majini. Nikiwa kivukoni, katikati ya baiskeli na ndoo za samaki, nimesimama pale pale alipotarajiwa kusimama mgeni wa serikali ya kikoloni.

Ingia ndani kidogo, hadi mzunguko wa Mtaa wa Samora. Hapo ilikuwepo sanamu ya gavana Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa, na mwaka 1927 wakamsimamisha Askari wa shaba, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Piga magoti, tumia lenzi pana, naye atayapita maghorofa yote kwa urefu. Panda ghorofani umpige kutoka juu, atapotea katikati ya bajaji na magari.

Kinachonisumbua ni nani amewekwa juu ya nguzo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Juu amesimama mpiganaji peke yake. Wao wanakumbukwa chini, kwenye msingi.

Jina lao, hata hivyo, tunalitaja kila siku tukiita daladala. Kariakoo ni Carrier Corps iliyopita midomoni mwetu. Kambi yao ilikuwa huko.

Kwa hiyo siku hizi napanda maghorofa ya Kariakoo. Kutoka juu unaliona paa la soko alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021: miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, ikikinga mvua na kuiteremsha kwenye matangi ya chini ya ardhi. Ukiwa sokoni, miavuli hiyo hiyo ni kama miti. Nyuma yake, kwa mbali, kati ya nyaya za umeme na matangi meusi ya maji, ile minara ya baharini inachungulia. Kutoka huku inaonesha mgongo, na makanisa hayaonekani kabisa.